Mamba Mwenye Meno

Tulimzika Awuor Jumamosi, nyumbani kwao upande wa Sondu. Kabla ya jeneza kuteremshwa, kijana mmoja aliyetoka Nairobi alisimama mbele ya hema akawaambia waombolezaji kwamba marehemu ndiye aliyewafundisha watu kucheka mezani. Akainua juu sahani yenye mjusi aliyejikunja ukingoni, ile ambayo siku hizi utaikuta katika nyumba za wenye uwezo ikiwa imewekewa karanga au ndimu, na watu wakacheka kidogo, kicheko kile cha msibani ambacho hakidumu. Mimi nilikuwa nimeketi katika safu ya wanawake na goti langu bovu nimelinyoosha, na sikucheka. Kijana yule sikumlaumu. Alimjua Awuor wa maonyesho na magazeti, mwanamke wa nywele fupi zenye mvi aliyetengeneza vyombo vya jikoni vya kuchekesha. Mimi nilimjua kabla ya mjusi. Tuliishi naye mwaka mmoja tu katika nyumba moja kule Kondele, wote wawili tukiwa wasichana, na mwaka huo niliona kicheko chake kilikozaliwa. Kilizaliwa mahali ambapo hakuna aliyekuwa akicheka.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nasubiri kuitwa chuo cha ualimu. Nikapata kibarua cha kufundisha watoto wa chekechea kanisani, karibu na njia panda ya Kondele, nikawa natafuta pa kulala. Awuor alikuwa na vyumba viwili na baraza nyuma ya maduka. Alikuwa amesomea usanifu Nairobi, akaajiriwa huko, kisha akaacha kazi ghafla na kurudi, kwa sababu mama yake alipatwa na kiharusi. Alihitaji mtu wa kukaa na mama saa ambazo yeye yuko kwa fundi wa vyombo alivyobuni, na mimi nilitoka shule mchana, basi tukakubaliana. Chumba cha mbele kilikuwa cha kulia, cha kupokelea wageni, na usiku kilikuwa chetu cha kulala. Cha nyuma kilikuwa cha Mama Dorsila, na mlango wake ulikuwa pazia la maua mekundu lililofifia. Harufu ya mgongo wazi, ile mifupa ya samaki mbuta inayokaangwa pale barabarani, iliingia madirishani asubuhi hadi jioni, na mwenye njaa hakuhitaji kukumbushwa.

Nakumbuka nilivyoduwaa siku ya kwanza nilipoingia barazani kwake. Kifuniko cha sufuria kilikuwa na kuku anayeatamia mahali pa kushikia, na mvuke ulipozidi ulimtoka kuku mdomoni kwa mluzi, ukajua wali unataka kuiva. Mwiko ulikuwa na shingo ya korongo iliyopinda, ukiuning'iniza kwenye ukingo wa sufuria ulikaa hapo kama ndege anayetafuta samaki, meza isichafuke. Kulikuwa na kikombe kinene chini kama kiboko, ukikisukuma kinayumba, kinainama, kinarudi kusimama. Nilikisukuma mara nyingi hadi nikaona aibu. Awuor aliniangalia tu, penseli sikioni, akasema, "Sukuma. Kimetengenezwa kusukumwa." Nilidhani nimehamia nyumba yenye furaha.

Jioni hiyo tulipakua ugali na omena, tukala wawili. Niliuliza kama mama haji. Awuor akasema mama hula ndani. Wiki ile yote ikawa hivyo, na kila sahani iliyorudi kutoka nyuma ya pazia ilirudi karibu vile ilivyoingia. Nilikuwa nimesikia habari za Mama Dorsila kabla hata ya kuhamia. Nani hapo mjini hakuwa amekula samaki wake? Alikuwa na kibanda kando ya ziwa, na watu wa ofisini waliacha hoteli zao wakaja kukaa kwenye mabenchi yake kula ngege wa kukaanga na ugali mkubwa kama kichwa cha mtoto. Alikuwa mwanamke wa sauti, wa kumtania waziri na mbeba mizigo kwa maneno yaleyale. Kiharusi kilimchukua mkono wa kulia na kona moja ya mdomo. Sauti kilimwachia, lakini yeye hakutaka kuitumia. Mwili wake ulikuwa umeanza kuonekana mdogo kuliko nguo zake.

Ukuta baina ya vyumba ulikuwa wa mbao nyembamba, na pazia si mlango. Asubuhi moja nikiwa nakunja godoro niliwasikia.

"Mama, umeacha tena chakula."

"Nimeshiba."

"Umeshiba na nini? Na ule uji wa jana?"

Sauti ya Mama Dorsila ikatoka chini sana, ikiburuta maneno kidogo kwa sababu ya ule mdomo. "Unataka nile na huu? Huu wa choo? Mimi nimelisha watu mji huu, Awuor. Nikiona mtu anashika ugali na kushoto kwa kibanda yangu, nilikuwa namwambia aende anawe arudi kama mtu."

"Basi nikulishe mimi."

"Mimi ndio nilikulisha wewe. Hiyo haiwezi kurudi nyuma, nyathina."

Nyathina ni kusema mwanangu. Awuor alitoka akanipita bila kuniona, akaenda kusimama barazani na uso ameuelekeza ukutani. Nilipokuwa kijana niliamini kwamba mtu mgonjwa hufa kwa ugonjwa. Asubuhi ile nilielewa kwamba Mama Dorsila alikuwa anakufa kwa aibu, na kwamba binti yake alilijua hilo muda mrefu.

Jaribio la kwanza lilikuwa baya. Awuor alileta kutoka dukani mjini bakuli la plastiki lenye mpira chini wa kung'ang'ania meza, na picha za dubu pembeni. Alilipeleka ndani na kijiko chake kifupi. Mama Dorsila alilitazama, akasema, "Hii ni ya mtu anaota meno. Mimi nimeota, nimeng'oa," na akalisukuma taratibu hadi likaanguka upande wa pili wa kitanda. Lile neno lilikuwa la kuchekesha, lakini lilivyosemwa hakuna aliyeweza kucheka. Kilichofuata ni wiki za michoro. Awuor alichora sahani zenye ukuta, sahani zenye ndoana, vijiko vilivyopinda shingo. Alinifunga mkono wangu wa kulia kwa leso nyuma ya mgongo akaniwekea samaki mzima mbele, akanitazama nikihangaika. Ugali unaweza kuumega kwa mkono wowote ukiacha adabu pembeni. Samaki ndiye tatizo. Ukimvuta nyama kwa mkono mmoja, mwili wote unakufuata, unateleza, unamwagia mchuzi magotini, na mtu aliyekuwa akila kwa heshima anabaki anakimbizana na chakula chake kama mwizi.

Mamba alitokea kwa bahati. Jumapili moja Awuor alikuwa barazani, nami nimekaa na Mama Dorsila nikimpaka mafuta ule mkono uliolala. Sijui nilimwuliza nini kuhusu kibanda chake. Akaanza kunisimulia siku ambayo mamba alipanda kutoka majini mchana kweupe, akapita katikati ya mabenchi polepole kama mtu anayetafuta kiti. Wateja walitawanyika, suti na tai zao, mmoja akapanda juu ya meza akimwita mama yake mzazi. Mamba hakumgusa mtu. Alifika mezani, akamchukua ngege mmoja kwenye sahani kwa ncha ya mdomo, kwa adabu kabisa, akageuka akarudi ziwani. "Na huyo mkubwa juu ya meza," Mama Dorsila akasema, "alishuka akaniambia, Mama, ile samaki ilikuwa yangu." Hapo ndipo alipocheka. Kicheko kilimtoka upande mmoja wa mdomo, kikamtetemesha bega, machozi yakamtoka. Nilipoinua macho, Awuor alikuwa amesimama penye pazia na penseli imekatika mkononi mwake.

Sahani ya mamba aliichonga kwanza kwa mti, akaipeleka kwa Baba Rispa, fundi wa kusubu sufuria aliyeyeyusha vyuma vya injini mbovu kando ya barabara. Baba Rispa aliigeuza, akaipima kwa kiganja, akasema haiwezi kutoka kwenye kalibu ya mchanga, meno yatavunjika. Wakabishana siku nyingi. Wakavunja meno mengi. Hatimaye ikatoka: sahani nzito ya alumini, na mamba amelala kuizunguka. Mgongo wake ulikuwa ukuta. Ukisukuma chakula kinagonga mgongo, kinapanda chenyewe kwenye vidole. Miguu yake minne ilivalishwa raba ya tairi, haitelezi hata ukiivuta. Na kichwa chake kilikuwa ukingoni, mdomo wazi, meno yameelekea ndani, kiasi cha kumkamata samaki kichwani na kumshikilia kimya wakati wewe unamla kuanzia mkiani. Yaani mamba ndiye aliyekuwa mkono wa pili.

Awuor hakutengeneza moja. Alitengeneza nne, tatu za nyumba na moja ya mgeni, na hiyo naiona mpaka leo kuwa ndiyo akili yake kubwa kuliko meno yale. Jumapili iliyofuata alikaanga ngege, akaandaa meza, kisha akaita kwa sauti ya kawaida, "Mama, njoo uone nyang' wako." Nyang' ndiye mamba. Pazia lilikaa bila kutikisika. Halafu tukasikia fimbo sakafuni. Mama Dorsila alitoka, akasimama akiitazama ile meza, sahani zetu zote za aina moja, kila mamba na samaki wake mdomoni. Awuor akanawa, akaficha mkono wa kulia nyuma, akaanza kula kwa kushoto. Nami nikafanya hivyo. Ugali uliniangukia, ukaniangukia tena, na tonge la tatu nilijipaka shavuni.

"Nyinyi mnafanya nini?" Mama Dorsila akauliza.

"Tunakula," Awuor akajibu, mdomo umejaa.

"Hiyo si kula. Hiyo ni kupiga lipu." Akavuta kiti. "Hapana, Adhiambo, usifinye hivyo. Sukuma kwa mgongo yake. Mgongo, si mkia." Akanyoosha mkono wake wa kushoto kunionyesha, akamega, akasukuma, akachovya, na kabla hajafikiri tonge lilikuwa mdomoni. Akatafuna. Awuor aliinamisha kichwa chini sana juu ya sahani yake, na mimi nikajifanya naondoa mwiba. Mama Dorsila alimla ngege yule hadi mamba akabaki na kichwa kitupu kati ya meno, halafu akamgonga mamba puani kwa kidole, "Toa," kama anamwambia mbwa.

Tulikuwa na miezi mizuri baada ya hapo. Mwili ulimrudi. Akaanza kutuelekeza tupike vipi, na akatugombeza kwa mchuzi mwepesi. Nikiwa mzee sasa, nikiamka na goti langu na vidonge vyangu, huwa najiuliza kwa nini miezi ile haikutosha kuwa hadithi yote. Lakini nilianza kusimulia mwaka mzima.

Mpwa wa Mama Dorsila aliolewa Muhoroni, na mama akasema atakwenda. Hakuwa ametoka mbele ya watu tangu augue. Alivaa gauni la rangi ya zambarau, kilemba, na sahani yake akaitia mkobani, imefungwa kwa kanga. Hema lilikuwa limesimamishwa kando ya shamba la miwa, vumbi la malori limetua juu ya kila kitu. Tuliketishwa meza ya wanawake, shangazi na mawifi, watu waliomjua tangu ujana. Chakula kilipoletwa, Mama Dorsila alisita, kisha akafungua mkoba na kumweka mamba mezani.

Wifi yake akapiga kelele ya furaha. "Wewe! Hii ni nini? Nyang'!" Wakaiinua. Wakaipitisha. Kila mmoja alitaka kumtia mamba kitu mdomoni, mfupa, chapati, kidole cha mtoto aliyekuwa akipita. Ikaenda meza ya pili, ikaenda kwa wazee, mcheza ngoma mmoja akaivaa kichwani. Walifurahi kwa moyo safi, sitasema vingine. Mmoja hata alimpakulia Mama Dorsila samaki kwenye sahani ya kawaida ili asikae bure. Yeye alikaa, mkono wa kulia umelala pajani, wa kushoto chini ya meza, akitabasamu kila mtu alipogeuka kumsifu. Samaki wake alipoa mbele yake. Awuor aliinuka kuifuata sahani, akazuiwa kila meza na watu wanaomwuliza aliitengenezaje. Iliporudi, vyombo vilikuwa vimeshaondolewa na bwana harusi anakata keki.

Tulipotoka, tukiwa tunasubiri gari barabarani, Mama Dorsila akasema, "Walifurahi sana." Baadaye kidogo akasema, "Nasikia njaa." Kulikuwa na mama anayechoma mahindi pale. Awuor akamnunulia hindi, na Mama Dorsila akalila akiwa amesimama, kwa mkono wa kushoto, akitazama miwa. Hindi hushikwa kwa mkono mmoja tu na hakuna anayeangalia ni upi. Awuor alikuwa analia wazi wazi na mama yake hakumwambia anyamaze.

Harusi ile ndiyo iliyomleta mama mmoja mwenye duka la vyombo Nairobi, maana mgeni fulani alimsimulia. Alikuja kwa gari, akakaa kwenye kiti chetu kimoja chenye mto, akanywa chai katika kikombe cha kiboko, akakisukuma, akacheka. Aliipenda sahani. Alitaka nyingi. Ila mdomo, alisema, ufungwe. Meno yanachana sifongo, na sahani zenye vichwa hivyo hazipangiki kabatini. Mteja wake hana haja ya kushikiliwa samaki. Awuor alisema hapana. Yule mama akasema afikirie. Ndipo Mama Dorsila, aliyekuwa amekaa pembeni, akasema, "Muuzie. Mamba bila meno ni mjusi. Anataka mjusi, mpe mjusi." Mgeni alidhani ni utani, akacheka tena. Awuor alimtazama mama yake, akaelewa amepewa ruhusa, na nadhani aliumia zaidi kwa kupewa.

Mama Dorsila alifariki mwishoni mwa mwaka, asubuhi, mvua ndogo ikinyesha. Nilikuwa najiandaa kwenda shule. Alikuwa ameketi mezani na uji wake kwenye kikombe cha kiboko, akimwambia Awuor asisahau kununua limau, na katikati ya neno limau aliacha. Mkono ulifunguka. Kikombe kiliyumba, kikainama, kikarudi kusimama bila kumwaga tone, na Awuor akakitazama kikombe kabla ya kumtazama mama yake, kwa sababu kilikuwa kimefanya sawasawa na alivyokitengeneza. Aliniambia hivyo baadaye, na kwamba hatakisamehe. Hakukitengeneza tena kamwe.

Tulipotoka kumzika Mama Dorsila Sondu, Awuor alitia zile sahani nne na ule mti aliouchonga katika gunia, akalisukuma chini ya kitanda cha mama yake. Akaanza kutengeneza mijusi. Alikwenda kwa Baba Rispa asubuhi, akarudi jioni, akakaa barazani bila kuwasha taa. Mijusi ilikuwa mizuri, ilichekesha, na yeye aliiangalia kama mtu anayeangalia nguo za jirani kwenye kamba. Mimi barua yangu ya chuo ilikuwa imekuja. Nilikuwa namwacha na nyumba yenye pazia ambalo halikuwa na mtu nyuma yake.

Siku chache kabla ya kuondoka kwangu, mchana, mzee mmoja alibisha barazani. Alikuwa mkata miwa kutoka Muhoroni, amevaa koti la kanisani, kofia ameishika kwa mikono miwili. Alikuwa kwenye ile harusi. Alisema aliiona sahani ikipita kichwani kwa watu na hakuielewa, hadi alipomwona mama aliyevaa zambarau akiisubiri.

"Mke wangu naye ameguswa na huo ugonjwa," akasema. "Hataki kula mbele ya watoto. Anasubiri tulale."

"Pole sana, mzee," Awuor akasema. "Lakini siku hizi natengeneza mijusi tu."

Mzee hakuelewa. Akaitikia kwa kichwa, akasema sawa, na hakuondoka. Alikaa kwenye ngazi ya baraza na kofia yake, kama mtu ambaye ameambiwa daktari atachelewa. Awuor aliingia ndani, akasimama katikati ya chumba, akanitazama, nami nikaangalia chini. Kisha akapita pazia. Nilisikia gunia likiburutwa sakafuni. Alipotoka alikuwa na karatasi na penseli, akaketi kwenye ngazi kando ya yule mzee.

"Ni mkono gani umelala?"

"Wa kulia."

Awuor akaandika. Kisha akafuta pua kwa mgongo wa mkono, akauliza, "Na huyo mama, kabla hajaugua, alikuwa anachekeshwa na nini?"

Mzee aligeuza kofia, akaigeuza tena. Nadhani hakuna aliyewahi kumwuliza jambo hilo, na alitaka kulijibu kwa haki.

"Bata," akasema mwishowe. "Bata akikimbia."